Fundo Nililolifunga Siku ya Tatu Ukutani

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Asanteni. Nimeitundika sebuleni na inakwenda vizuri. Mtu aliyemaliza kazi hana haja kubwa ya kujua saa, lakini najua mliambiwa mharakishe na duka lenyewe halikuwa na vitu vingi. Katika hotuba zenu mliniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kamba, ili wanaoanza wapate pa kujifunzia. Nilikubali mbele za watu, nikarudi kwangu Ramisi, nikakaa na daftari miezi miwili bila kuandika hata mstari mmoja.

Kilichonisukuma ni swali la Zuhura. Kwa wale mtakaoajiriwa baadaye, Zuhura ni binti wa Msambweni, na anakwea kuliko nilivyokwea mimi nilipokuwa na umri wake. Ramadhani iliyopita aliondolewa kwenye safari ilhali mkoba wake ulikuwa umeshapakiwa garini. Akamweleza msimamizi kwamba yeye ni msafiri, hafungi siku hizo, dini imempa ruhusa ale na alipe baadaye. Akaonyeshwa tangazo lililo ubaoni ofisini: mwongozaji Muislamu hapandi mwezi wa Ramadhani, tusije tukarudia ajali ya Mzee Kassim. Jioni akanijia. "Babu," akaniuliza, "hivi huyo Mzee Kassim alianguka vipi hasa? Maana kila mwaka ananikalisha nyumbani, na mimi sikuwahi hata kumwona."

Nilimjibu kwamba alianguka kama ilivyoandikwa. Ulikuwa uongo ule ule wa siku zote, ila safari hii, alipoondoka, nililifungua daftari. Sasa nitaueleza ukweli, lakini kwa utaratibu wake, maana bila kujua tulivyokuwa tukifanya kazi hamtaelewa jinsi mzee yule alivyoangushwa.

Nilianza na minazi. Baba alikuwa mkata miwa, na mimi sikuipenda miwa, kwa hiyo nikaenda Diani kutafuta kazi ya hoteli. Wakanipa kazi ya kuangusha nazi kabla hazijajiangusha zenyewe. Mgeni aliyelipia wiki nzima hapendi kuuawa na nazi siku ya pili. Nilikwea minazi arubaini kwa siku, na nyani walikuwa wakinitazama kama wasimamizi wa zamu.

Asubuhi moja nikiwa juu, mtu mmoja mfupi, miguu imepinda kidogo, akaja kusimama chini ya mnazi wangu, mikono nyuma. Alikuwa Mzee Kassim wa Tiwi, ingawa wakati huo alikuwa bado hajawa mzee. Yeye naye alikuwa mkwezi wa minazi mpaka kampuni yetu ilipoanzishwa na mwenye kampuni wa kwanza akamchukua akamfundisha majabali. Sasa alikuwa akitafuta mtu wa pili.

"Shuka nikuone unavyoshuka," akaniambia.

Nikashuka. Alitazama miguu yangu, hakutazama uso.

"Nikikwambia simama, utasimama, au utaniuliza kwa nini?"

"Nitasimama kwanza, kisha nikuulize."

"Basi njoo kesho. Uje na viatu vya kubana. Na unisalimu, maana leo hukunisalimu."

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo."

Nikamwita ami tangu siku hiyo, ingawa hatukuwa na damu moja. Kwetu mtu aliyekufundisha kazi huwezi kumwita kwa jina tupu.

Jabali lenyewe mnalijua. Liko bara, kupita Kinango, kwenye nchi kavu ya wafugaji. Wenyeji wana jina lao, sisi tulisema Ukuta tu. Kamba kumi na moja kwenda juu, yaani vipande kumi na moja vya kupanda, siku tatu, kisha siku ya nne kushuka kwa miguu upande wa nyuma wenye vichaka. Siku yangu ya kwanza nilifika pale chini nikainua kichwa, kofia ikaanguka nyuma. Mama mmoja wa Kiduruma aliyekuwa akichunga mbuzi wake alisimama kutuangalia tukipanga vyombo.

"Huko juu kuna nini?" akamwuliza Ami Kassim.

"Hakuna kitu, mama."

"Sasa mwaenda kutafuta nini?"

"Wageni wanataka wahakikishe wenyewe."

Yule mama alitikisa kichwa akaondoka na mbuzi zake. Katika miaka yangu yote sijasikia mtu akiieleza kazi yetu vizuri zaidi.

Mambo niliyofundishwa mwaka ule wa kwanza mengi mnayafanya bado, ingawa hamjui yalitoka wapi. Mahali pa kukalia ukutani tuliita kibaraza kwa sababu Ami Kassim alikuwa akikaa pale kama mtu aliye nje ya nyumba yake, akingoja wapitao. Mahali pa kujishikiza kwenye mwamba tuliita nanga. Vyombo vya chuma havilali Diani, vinalala ghalani Ukunda, mbali na chumvi, na kila mwisho wa safari vinaoshwa kwa maji baridi. Kamba inaanikwa kivulini, halafu unaipitisha mkononi urefu wake wote, macho umeyafumba, vidole vitafute mahali palipolainika. Ukiikanyaga kamba, utaiosha yote peke yako. Niliosha kamba nyingi mwaka ule.

Na ilikuwako kanuni moja ya kufunga, ambayo sijaikuta kwa watu wengine wa kazi hii. Kwingine kila mtu hujifunga mwenyewe. Ami Kassim alisema ukijifunga mwenyewe utajiamini, ukifungwa na mwenzako utakagua. Kwa hiyo kwetu anayebaki ndiye aliyemfunga anayekwenda, na anayekwenda alilivuta fundo mara mbili kwa mkono, akasema "Bismillahi" kwa sauti, na aliyebaki hakulegeza kamba mpaka aisikie. Fundo ni lile la nane. Unafunga nane moja kwanza kwenye kamba, unapitisha mkia kwenye mshipi wa mwenzako, kisha unaurudisha mkia ukifuata njia ile ile mpaka kamba mbili zilale pamoja. Ukiishia katikati, nane ya kwanza ipo na mkia umepita mshipini, na kwa macho tu, tena chini ya shati, linaonekana fundo. Mkono ukiligusa hauwezi kudanganyika.

Nilimwona akifanya mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha kazi. Mara moja mgeni mmoja, mwanamume mnene mwenye sauti kubwa, alifika kibaraza cha tano siku ya pili akaganda. Hapandi, hashuki, amekumbatia mwamba, anatetemeka. Mimi nilitaka tumteremshe kwa kamba, mara moja. Ami Kassim akawasha jiko dogo, akachemsha chai, akakaa ubavuni pake akaanza kumwuliza habari za mama yake. Anaishi wapi, anaumwa nini, nani anampikia. Mchana wote ulikwenda hivyo, jua likitukaanga. Baadaye yule mtu akanyanyuka mwenyewe akauliza njia inapita wapi. Nikamwuliza ami amejuaje. Akasema hakujua, alikuwa akipata chai yake tu.

Miaka ikaenda. Ikafika siku ambayo wageni waliambiwa kwamba kiongozi wa safari ni Hamisi, yaani mimi, na Mzee Kassim ni msaidizi wake. Yeye hakujali. Aliyejali ni mimi.

Tulipanda na vijana wanne wa Nairobi, wachangamfu, kila mmoja na simu mkononi anapiga picha. Kwenye kibaraza cha pili nikamfunga ami ili atangulie. Akalivuta fundo, akalitazama, akasema, "Mkia mfupi. Rudia." Nikarudia. Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Boss, kumbe bado uko shule!" Wakaendelea kulisema hilo mpaka kileleni, kwa mapenzi tu, bila ubaya. Mkia kweli ulikuwa mfupi, kwa vidole viwili.

Garini tukirudi nikamwambia. Maneno yenyewe nayakumbuka, na ningependa nisiyakumbuke.

"Ami, mimi ni mtu mzima. Nina mke, nina watoto watatu, na wageni wameambiwa mimi ndiye kiongozi wao. Ukilivuta fundo langu mbele yao ukanirudisha, unanivua nguo."

Aliangalia barabara. Kisha akasema, "Umesema kweli, mwanangu. Nimekukosea adabu. Haitatokea tena."

Nilifurahi. Niseme hivyo hivyo, nilifurahi, nikahisi nimepata haki yangu. Sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu. Tutamwacha mtu apotee njia mchana kweupe kuliko kumsahihisha mbele ya wageni wake, na tunauita ugonjwa huo ustaarabu. Mtu wa kwingine angenicheka, angeniambia niache utoto, na angeendelea kulivuta fundo. Ami Kassim hakuwa mtu wa kwingine. Tangu siku hiyo alilivuta kwa siri, wageni wakigeuka, mkono chini ya shati kama anayejiweka sawa mshipi. Nilikuwa nikimwona. Nilikaa kimya nikaona ananiheshimu.

Mwaka uliofuata kampuni ikapata mwenyewe mwingine, ambaye nitamwita Tajiri, kwa vile ndivyo tulivyomwita. Alipenda safari ziende haraka. Zamani tulipanda waongozaji watatu, watu wawili wa kamba na mmoja wa kukaa na wageni na kujibu simu ya upepo. Tajiri akasema watatu wa nini, wawili wanatosha. Hakuna aliyembishia. Mimi ndiye niliyepaswa kumbishia.

Ramadhani ilitukuta tukiwa na safari ya mume na mke, watu wa makamo, wapole, wageni kutoka nje. Mke alikuwa akijifunza Kiswahili na alitaka kujua jina la kila kitu. Siku ya tatu asubuhi tulikuwa kibaraza cha tisa. Tukanywa chai, mimi na Ami Kassim, na maandazi yaliyokuwa yamekauka. Alikunywa vikombe viwili. Alikuwa amesema tangu Ukunda, "Mimi msafiri, nitalipa Shawwal Mwenyezi Mungu akijaalia." Tafadhali kumbukeni vikombe hivyo viwili.

Tulipoanza kuvuta mfuko wa mizigo, ukakwama chini, mahali mwamba unapojitokeza kama paa. Tukavuta, haukutoka. Ami Kassim akasema, "Nitashuka mimi. Wewe baki na wageni wako." Akasema "wageni wako". Nikaanza kumfunga. Nikafunga nane ya kwanza, nikapitisha mkia kwenye mshipi wake, nikaanza kuurudisha, na simu ya upepo ikalia. Ilikuwa ya Tajiri. Nikaichukua kwa mkono wa kulia, kushoto bado nimeshika mkia. Nikamsalimu salamu zote, habari za huko, habari za nyumbani, habari za kazi, kama nilivyolelewa. Alitaka kujua tutafika lini, maana gari lilikuwa likihitajika kwingine. Nikamjibu. Nikaweka simu.

Mke wa mgeni akanyoosha kidole kwenye kiuno cha ami. "Na hii inaitwaje?"

"Fundo," nikamwambia. "Fundo la nane."

Akalirudia neno lile mara mbili, vizuri, na mimi nikamsifu. Nilipokwisha kulitaja jina nikaamini kazi imekwisha. Mkia ulikuwa umepita mshipini na umeingia chini ya shati, hautaki kitu kingine.

Mkono wa Ami Kassim ukaja mpaka kiunoni. Naliona jambo hili hata sasa ninapoandika. Yule mke wa mgeni alikuwa bado anatazama pale pale, anatabasamu, anangoja kuona fundo linavyofanya kazi. Ami Kassim akamtazama, akanitazama mimi, na mkono ukashuka. Akasema, "Bismillahi," bila kuvuta. Nikalegeza kamba.

Akafungua kamba fupi iliyokuwa imemshikiza kwenye nanga. Alishuka hatua nne au tano kwa mikono na miguu, akafika kwenye ukingo wa paa, akaegemea nyuma ili kamba imchukue. Kamba ikawa nyepesi mikononi mwangu. Sikusikia kelele yoyote kwake, nilisikia tu mwili ukifika kwenye kibaraza cha chini.

Nikaivuta kamba. Mwisho wake ulikuja na nane moja, ile ya kuanzia, na mkia uliokuwa haujarudi popote. Wageni walikuwa wameinama ukingoni wanamwita. Nikaifungua ile nane kwa haraka, kamba ikabaki tupu. Niliifungua kwanza, ndipo na mimi nikamwita.

Alikuwa hai. Nyonga ilivunjika na mgongo uliumia, na alikuwa na akili zake zote. Kumteremsha kulichukua siku nzima, nikisaidiwa na yule mgeni mume, ambaye kwa kweli alijikaza sana, na chini wafugaji walikata miti wakatengeneza machela wakambeba mpaka barabarani. Njiani Ami Kassim aliniuliza jambo moja tu, kama wageni wamepata maji.

Siku ya tatu Tajiri akaja hospitali na karatasi. Nilikuwako, nimesimama miguuni mwa kitanda na mfuko wa machungwa. Akavuta kiti.

"Mzee, pole sana," akasema. "Hii maneno tumalize leo. Ulikuwa umefunga, ukashikwa na kizunguzungu, ukajifunga kamba vibaya. Si ni hivyo?"

Ami Kassim akageuza kichwa polepole kwangu. "Hamisi. Ni hivyo?"

Alijua alikunywa vikombe viwili, na mimi nilijua. Alijua ni nani aliyemfunga. Tajiri naye, kwa nionavyo, hakutaka kujua, kwa sababu mtu angejua angeuliza kwa nini tulikuwa wawili badala ya watatu. Mimi nilikuwa na watoto watatu na jina la kiongozi. Nilikuwa na mfuko wa machungwa.

"Ni hivyo, ami," nikasema.

"Basi andikeni," akasema, akafumba macho.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyopanda ubaoni. Mtu aliyekuwa akifunga hata siku za sunna aliandikwa kwamba saumu ndiyo iliyomvunja mgongo, na alikuwa hata hakufunga. Tangu mwaka ule hakuna Muislamu wa kampuni hii aliyepanda Ukuta mwezi wa Ramadhani, afunge asifunge. Na aliyekuwa akiwasomea tangazo lile kila kundi jipya lilipoanza mafunzo ni mimi. Nilisimama mbele yenu na fimbo ya kuelekezea. Wengine mliandika katika madaftari.

Ami Kassim aliishi miaka sita baada ya hapo, nyumbani kwake Tiwi, hakutembea tena. Binti yake Mwanatumu ndiye aliyemtunza. Kila Ijumaa nilikwenda baada ya sala, na watu walinisifu kwa hilo. Juu ya kitanda chake kulikuwa na kamba imefungwa kwenye boriti, ya kujivutia anapotaka kukaa. Tulizungumza habari za miti, za wajukuu, za bei ya samaki, za waongozaji wapya. Habari za siku ile, hapana. Na kila Ijumaa, nikishakaa, alisema jambo moja.

"Hamisi, hebu nifungie kamba hii. Imelegea."

Kweli ilikuwa imelegea, fundo limefunguka nusu. Nilipanda kwenye kigoda nikaifunga upya. Yeye akalivuta mara mbili, akasema, "Bismillahi," akajiinua, akakaa, akanitazama. Mimi nikamwuliza kama anataka mto wa ziada.

Nilimlaumu yule aliyeuza kamba. Nikanunua nyingine, nzuri, ya kazini kwetu. Ijumaa iliyofuata nayo ilikuwa imelegea. Nikasema labda ni joto la mabati, au ni jasho la mikono. Mimi, mtu wa kamba wa miaka ile yote, niliona fundo langu likifunguka kila wiki mahali pasipo na uzito wa maana, na sikujiuliza. Akafariki. Nililibeba jeneza mbele, bega la kulia.

Hapa ndipo nilipofikia kuandika wiki iliyopita, nikaona haifai nyinyi msome kabla ya watu wake. Nikaenda Tiwi. Imepita miaka minane tangu mazishi, na mguu wangu haukuwa ukifika pale tena. Nilimkuta Mwanatumu uani anakuna nazi. Tukasalimiana, akanipa kiti. Nikamwambia nina maandishi, namwomba anisikilize mpaka mwisho. Akasema soma, akaendelea kukuna.

Nilisoma yote, ya chai, ya fundo, ya kamba niliyoifungua kabla sijaita, ya machungwa. Hakuacha kukuna. Nilipomaliza akasukuma sinia pembeni, akajifuta mikono.

"Hayo tulikuwa tukiyajua, kaka Hamisi," akasema. "Baba alitueleza siku ile ile ulipotoka hospitali. Akasema tusikuulize, tutakuaibisha. Tukuache uje mwenyewe."

Nikalifunika daftari.

"Na ile kamba ya kitandani," akasema, "haikuwa ikilegea. Ile alikuwa akiifungua mwenyewe. Kila Ijumaa akisikia watu wanatoka msikitini, anaanza. Ilimchukua muda, vidole vyake vilikuwa vigumu. Nikitaka kumsaidia anakataa. Anasema, huenda leo akilishika fundo, akaanza kusema."

Miaka sita, kila Ijumaa. Nikamwomba radhi. Akasema radhi za baba yake si zake yeye kuzitoa, akavuta sinia akaendelea na nazi yake, maana watoto walikuwa wanakaribia kurudi.

Tangazo lile literemsheni. Mkiogopa kuliteremsha, niiteni, nitakuja mwenyewe, na Tajiri akiuliza mpeni daftari hili. Mahali pake andikeni kwamba Mzee Kassim wa Tiwi hakuwa amefunga siku ile, na kwamba fundo lilikuwa langu. Zuhura na apande Ramadhani ijayo kama ni msafiri. Na akufungaye, awe mkubwa wako au mdogo wako, kuwe na mgeni anatazama au hakuna, livute fundo lake kwa mkono mara mbili. Akikasirika, mwache akasirike mpaka mfike chini.